Namba za Zizi la Mzee Sayi

Siku niliyorudisha funguo za chumba cha ramani, vijana wa ofisini walinizuia mlangoni. Mmoja akasema, "Dada Kabula, usiondoke hivihivi. Tuandikie yale uliyokuwa unatusimulia umeme ukikatika." Nikamwambia umeme ukikatika mtu husema mengi, na mengine ni ya kujifariji na joto. Lakini nimefika nyumbani, shamba halijaanza kudai jembe, na mkono umezoea kushika kitu. Basi naandika.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. La kwanza halina mvuto, na la pili mnalijua kwa sababu mnalipwa hilohilo. Nitaandika juu ya maumbo na namba zake, na watu walionifundisha kuzisoma na kuzibadilisha. Na nitakaa zaidi kwa Mzee Sayi wa upande wa Runzewe, ambaye kaburi la baba yake lilikuwa karibu kufunikwa na kifusi cha mgodi kwa sababu tundu moja dogo halikuwamo kwenye ramani.

Nilizaliwa Samuye. Mama alitangulia, baba akafuata kabla ya mavuno, na mimi nikabaki mkubwa wa watoto wanne. Nikaacha shule darasa la sita. Shangazi alikuja na mpango wa kutugawa, mmoja aende Kahama, mwingine Mwanza, mdogo kabisa abaki naye. Nikamwambia, "Shangazi, hawa hawagawanyiki." Alininunia siku nzima, kisha akarudi na gunia la mtama na mitetea wawili. Mpaka leo namshukuru kwa mtama ule, na namshukuru zaidi kwa kutobishana nami tena.

Wakati huo walikuja wapimaji kupima njia ya barabara inayopita karibu na kwetu. Walitaka watu wa kufyeka vichaka ili darubini yao ione mbele. Nikaenda na panga. Msimamizi alinitazama, akasema, "Dada, hii ni kazi ya panga."

"Na hili nililoshika unaliita nini?"

Wenzake wakacheka, naye akacheka, akanionyesha pa kuanzia. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Baada ya kufyeka kwa muda nilipewa kushika fito. Mnaoanza siku hizi na vifaa vinavyoongea na setilaiti hamkuijua kazi hiyo. Fito ni mti mrefu wenye kioo juu; mpimaji yuko mbali na darubini yake ya miguu mitatu, anakulenga, nawe unatakiwa usimame wima juu ya nukta bila kutikisika mpaka amalize kusoma. Siku yangu ya kwanza niliwekwa juu ya njia ya siafu. Nikapiga kelele, "Baba, siafu!" Mpimaji kule mbali akajibu, "Vumilia, nimebakiza moja." Akasoma ile moja, akairudia kuhakikisha. Niliporudi nyumbani jioni wadogo zangu walinitoa siafu kwenye nguo wakicheka mpaka wakaketi chini. Hapo ndipo nilipojua kwamba kila namba iliyoandikwa kwenye ramani, kuna mtu alisimama mahali fulani ili ipatikane.

Kampuni ya wale wapimaji ilipohamia Geita nami nikahama, na wadogo zangu watatu, na wale mitetea ambao sasa walikuwa wamezaana. Geita ilikuwa imejaa watu wanaotafuta dhahabu, na wanaotafuta waliopata dhahabu. Ukipita na fito mtaani, wachimbaji wanakufuata. Walidhani tunajua iliko. Kijana mmoja, mwenye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, alinisimamisha kila asubuhi njia panda.

"Dada mkubwa, niuzie zile namba."

"Namba zipi?"

"Zile za mashine. Zinazosema mali iko wapi."

"Zinasema choo cha shule kiko wapi. Ndicho tulichopima jana."

Hakuniamini. Naamini mpaka leo anadhani nilimnyima bahati.

Ofisini Geita nilimkuta Mama Deo, mchoraji wa ramani, mwanamke wa Ushirombo, mwenye rozari kwenye droo moja na kalamu za wino kwenye droo nyingine, na ole wako uchanganye. Alikuwa amesomea kazi ile na aliipenda. Aliponiona nachungulia kila akichora, hakunifukuza. Alisogeza kiti. Alinifundisha kwamba koodineti ni namba mbili tu, moja ya kwenda mashariki na nyingine ya kwenda kaskazini, na kwamba nukta nyingi zikifuatana kwa mpangilio zinakuwa umbo. Alisisitiza mpangilio. "Kabula," alikuwa akisema, "shamba hulichora bila kuinua kalamu. Unaanza kona hii, unazunguka, unarudi kona hiyohiyo. Ukiinua kalamu, umechora fimbo, si shamba." Kisha alinipa karatasi ya nukta zilizovurugwa niziunganishe. Nilichora kitu kama kipepeo. Akakitazama, akasema, "Mwenye shamba hili anatembea juu ya mistari yake mwenyewe," akanipa karatasi nyingine.

Hakuwahi kuniambia kwamba kazi hii haimfai mtu aliyeishia darasa la sita. Nadhani halikumpitia kichwani. Hilo ni jambo la kushukuru kuliko mengi niliyowahi kupewa kwa mkono.

Karatasi zikaisha, zikaja kompyuta, nami nikajifunza kuingiza namba. Mama Deo alistaafu, akaacha kalamu zake kwangu na rozari akaondoka nayo. Baada yake akaja Elisha. Huyu alikuwa ametoka chuo na alikuwa mtu wa takwimu. Ofisi ilikuwa imechoka kuhesabu kwa mkono maeneo ya mashamba ya vijiji vizima, kila kaya peke yake, kila zao peke yake. Elisha alituletea R, programu ya bure ya takwimu, ambayo huiendeshi kwa kubofya picha bali kwa kuipa amri za maneno. Vijana walimwita Profesa kwa utani. Alikuwa na ucheshi na subira, na alikula karanga mezani hata baada ya kukatazwa. Kibodi yake ukiigeuza ungepata mbegu za msimu mzima.

Niliogopa R kwa muda. Elisha alinivuta kwa swali moja: "Dada, umbo lako la shamba liko ndani ya kompyuta. Unataka kuona nini kimo ndani yake?" Akaandika amri ya st_coordinates, na lile shamba nililozoea kuliona kama mchoro likageuka jedwali. Safu ya kwanza X, ya pili Y, na kila mstari ni nukta moja. Nikashuka na kidole kwenye kioo. Mstari wa mwisho ulikuwa sawasawa na wa kwanza. Nikasema, "Amerudi kona aliyoanzia." Elisha akasema, "Bila hivyo R inakataa. Itakwambia pete haijafungwa." Nikacheka peke yangu. Alidhani nimefurahia R, na kwa kweli nilikuwa nimefurahia, ila nilikuwa namsikia mwanamke wa Ushirombo anazungumza ndani ya mashine.

Sasa niwaambie yale ya kazini, maana najua wengine mtaruka mpaka hapa.

X hutangulia. Simu na vitabu vingi husema latitudo kwanza, longitudo baadaye. R inataka longitudo kwanza. Ukizigeuza, shamba la pamba la Samuye linaenda kukaa jangwani huko Moroko. Ukisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo, Geita yote inahamia Gulu, Uganda, na wachimbaji wake. Nimeyaona yote mawili yakitokea, na kila mara aliyefanya alikuwa ana haraka ya kwenda kula.

Ukisoma koodineti za umbo lenye tundu, usitazame X na Y peke yake. Kuna safu ya L1. Hiyo inakwambia nukta ni ya pete ipi: moja ni pete ya nje, mbili na kuendelea ni matundu ya ndani. Ukibadilisha namba halafu ukajenga umbo upya bila kuitazama safu hiyo, ama matundu yanapotea, ama R inachanganya pete zote kuwa mstari mmoja uliorukwa akili. Na ukishajenga upya, umbo linakuwa limesahau liko kwenye mfumo gani wa vipimo. Namba zimo, lakini halijui ni namba za wapi. Liambie tena. Huku kwetu ramani za zamani na vifaa vya sasa vinatofautiana kiasi cha mita mia tatu hivi, na mita mia tatu zinatosha kumhamishia mtu nyumba yake kwenye mbuga ya jirani.

Tofauti hiyo ndiyo iliyotupeleka kwa Mzee Sayi.

Mwekezaji mmoja, jina lake halina faida hapa, alikuwa na mgodi wa ukubwa wa kati na alipewa eneo la kumwaga kifusi, yale mawe yanayotolewa shimoni yasiyo na kitu. Eneo lenyewe lilikula sehemu ya kijiji. Makubaliano na wanakijiji yalikuwa wazi: nyumba, maghala na mazizi yatahamishwa na kujengwa kwingine, makaburi hayataguswa, yatabaki ndani ya eneo yakiwa yamezungushiwa uzio. Kwenye ramani maana yake ni umbo moja kubwa lenye matundu, kila tundu makaburi ya familia moja.

Kikosi kingine kilipima uwandani, sisi tukapewa mafaili. Mpaka wa nje ulitoka kwenye ramani ya vipimo vya zamani, vilivyopimwa uwandani vilikuwa vya sasa. Kazi yetu ilikuwa kuvileta pamoja, kutoa jedwali la koodineti, na kwenda kuvisoma mbele ya wanakijiji kabla mashine hazijaanza. Elisha alisoma koodineti, akazihamisha, akajenga maumbo upya, matundu yakakaa mahali pake. Kila kilichoandikwa kaburi kikawa tundu. Kila kilichoandikwa zizi kikaondolewa, kama makubaliano yalivyosema. Nilipitia kazi yake mstari kwa mstari na haikuwa na kasoro.

Tulifika kijijini asubuhi. Buldoza zilikuwa zimeshaegeshwa pembeni mwa barabara, madereva wanakunywa uji. Wanakijiji walikaa kwenye ua wa ofisi ya kijiji, tukatundika ramani ukutani, nami nikawa naita kaya moja moja. Mzee Sayi alipofika aliinama karibu na karatasi mpaka kofia yake ikaigusa. Alikuwa mrefu, mkavu, na fimbo ya kuchungia aliyoizoea kama mkono wa tatu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwangaluka, ng'wana wane." Alipojua mimi ni Msukuma alinisalimia kama mtoto wake. "Nionyeshe nyumbani kwangu."

Nikamwonyesha matundu yake mawili. "Hapa amelala mama yako, na hapa wadogo zako."

"Ndiyo. Na baba yuko wapi?"

Nikatazama jedwali. "Mzee, hapa kwako yameandikwa makaburi ya sehemu mbili."

"Nimesikia. Nakuuliza baba."

Afisa wa mwekezaji, kijana aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa, akasogea na karatasi zake. "Mzee, wapimaji walitembezwa na mtu wa nyumbani kwako. Mengine hayakuonyeshwa."

"Walitembezwa na mkamwana wangu. Mimi nilikuwa mnadani Runzewe."

Basi nikaelewa, na mtu yeyote wa kwetu angeelewa. Kwa Wasukuma wa zamani mwenye mji alizikwa zizini, katikati ya ng'ombe wake. Hakuna msalaba wala saruji. Ng'ombe wanapita juu yake asubuhi na jioni, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Na kwa adabu ya nyumba ile, mke wa mtoto hawezi kuwatembeza wageni kwenye kaburi la mkubwa wa ukoo. Alionyesha yale aliyoruhusiwa kuonyesha. Walipofika zizini wakamwuliza ni nini, akasema ni zizi. Lilikuwa zizi, na ng'ombe walikuwamo. Wapimaji wakaandika zizi, na zizi linahamishwa.

"Mashine zikiingia kesho," Mzee Sayi akasema polepole, "zitaanzia kwa nani?"

Afisa akatazama karatasi zake. Karatasi zilionyesha upande wa Mzee Sayi ndio wa kwanza.

Elisha alikuwa ameshafungua kompyuta. Alirudi kwenye faili la mwanzo, akatafuta, akageuza kioo kutuelekea. "Limo. Sikulifuta, nililiweka pembeni. Zizi la kaya ya Mzee Sayi. Nalirudisha kama tundu la tatu."

Nilishusha pumzi. Mzee Sayi akainama tena, akatazama kale kaduara kadogo kioo kikimmulika usoni.

"Hili ni zizi la juzi," akasema.

"La juzi?"

"Zizi likijaa samadi tunalisogeza. Hili ni la juzi. Baba yuko mlangoni mwa lile alilolijenga mwenyewe. Ng'wana wane, hiyo mashine yenu inamjua ng'ombe wangu wa leo, haimjui baba."

Elisha akafunga kompyuta. "Basi twende, Mzee, ukatuonyeshe."

Tulikwenda kwa miguu. Afisa naye alikuja, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Kule nyumbani mkamwana alituona kwa mbali, akapiga goti kumsalimia mkwe wake na kuingia ndani. Mzee Sayi hakumsemesha neno la lawama, wala baadaye sikusikia akimlaumu. Alitupitisha zizi la juzi, akasimama kwenye nyasi nene zilizoota kwa mbolea ya miaka. Ukitazama vizuri uliona tuta la mviringo, limechakaa, limeacha nafasi upande wa magharibi. Alivua kofia, akasalimu kwa Kisukuma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeingia kwa jirani. Kisha akatuambia tusikanyage ndani.

Alianza kwenye kona ya mlango. Akatembea juu ya tuta na Elisha nyuma yake na GPS, kila akisimama na kusema "hapa," tunasoma nukta. Alifika kona ya pili ya mlango akasimama.

Elisha akamwomba kwa upole, "Mzee, tumalizie. Turudi pale tulipoanzia."

"Pale ni mlango."

"Ndiyo, lakini pete lazima ifungwe. Kompyuta haikubali umbo lililo wazi."

"Unataka nimfungie baba?"

"Si uzio, Mzee. Ni mstari wa kwenye kompyuta tu."

"Kompyuta ifunge. Mimi sipiti mlangoni mwa baba kwa kukata njia." Akamgeukia yule afisa. "Na nikitaka kuingia kumwona, napita wapi?"

Afisa akaeleza kwamba tundu litazungukwa na kifusi pande zote, ila familia wataweza kuomba ruhusa getini kwa mgodi, siku za kazi, wakiwa na kitambulisho.

Mzee Sayi alimsikiliza mpaka mwisho. "Tundu ni la panya," akasema. "Mtu ana mlango, na mlango una njia."

"Mzee, tulikubaliana makaburi. Hatukukubaliana njia."

"Mlikubaliana hayataguswa. Na mimi ndiye wa kumgusa."

Nilijua sasa kinachotakiwa, na Elisha alikijua, maana alikuwa anachora mavumbini kwa ncha ya fimbo aliyoiokota. Kama njia itatoka mlangoni mwa zizi kwenda magharibi mpaka barabara ya kijiji, basi zizi si tundu tena. Ni mpaka wa nje ulioingia ndani kwa mkono mwembamba, ukamzunguka baba yake Mzee Sayi, ukatoka. Kaburi linakuwa nje ya mgodi kabisa, na njia yake.

"Inawezekana?" nikamwuliza.

"Inawezekana. Nukta za tundu nazichomeka katikati ya nukta za pete ya nje. Ila yeye akubali." Alimwonyesha afisa kwa kidevu.

Yule kijana, na hapa namshukuru pia, hakukataa. Alisema hana mamlaka. Alipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, akawa anaongea na wakubwa wake huku anajipiga mapajani kuwafukuza nzi. Mzee Sayi alimtazama akasema, "Mwambieni asikanyage sana, huko ndani kuna mchwa wanafanya kazi." Elisha akacheka, nikacheka, na kijana kule juu akatugeukia akidhani tumepata jibu kabla yake.

Aliteremka. "Wamekubali njia nyembamba. Lakini wanataka ramani leo, kabla hawajatoka ofisini. Isipofika, kesho mashine zinafuata ile ya asubuhi."

Tukakimbilia gari. Elisha aliketi kiti cha mbele na kompyuta mapajani, mimi nikasimama mlangoni mwa gari na karatasi. Nikamsomea nukta, akaziweka. Akatafuta kwenye pete ya nje mahali mpaka unapopita karibu na barabara, akalikata jedwali hapo, akachomeka: upande mmoja wa njia, kona ya mlango, tuta lote la zizi, kona ya pili, upande wa pili wa njia, kisha akaendelea na pete ya nje. Akajenga umbo. Akaiuliza R kama umbo ni halali. Ikajibu FALSE, yaani hapana.

Akarudia, ikajibu FALSE. Tukalichora tulione, na pale mlangoni mistari ilikuwa imekatana. Kipepeo. Nilikichora mwenyewe hicho, mezani kwa Mama Deo.

"Elisha, weka kidole hapo tuufuate mstari bila kukiinua," nikamwambia. Akaufuata kwa kidole, nami nikaufuata naye, tukifika mlangoni vidole vyetu vinarukana. Tukaona kwa pamoja. Mzee Sayi alizunguka zizi kuelekea mkono mmoja, na mstari wetu wa kuingia ulikuwa unataka kuzunguka kuelekea mkono wa pili. Tulikuwa tunaingilia kona ya kutokea.

"Ageuke," Elisha akasema.

"Mzee hageuki. Geuza mistari."

Akaigeuza mistari ya zizi, wa mwisho ukawa wa kwanza, akajenga tena, akaliambia umbo mfumo wake wa vipimo, akauliza. TRUE. Nimeona majibu mengi kwenye kioo kile tangu siku hiyo, na hakuna nililolipenda kama hilo. Afisa alipanda kichuguu chake na simu, ramani ikaenda. Tulikaa tukimtazama mgongo. Mwishowe aliinua mkono bila kugeuka.

Kesho yake hatukuondoka. Tulikwenda kupigilia mambo, vile vigingi vya mpaka, kufuata namba mpya, upande huu wa njia na upande ule, mpaka mlangoni. Buldoza zilikuwa zimewashwa, zinasubiri tumalize. Madereva waliziona mambo zile, wakashuka, wakatembea kuzitazama moja moja, na mmoja akasema kwamba hapo hata akiendesha usingizini hawezi kupitiliza. Elisha alikuwa anapima mara ya pili kitu ambacho kilikuwa kimeshapimwa.

Mzee Sayi alikuja na ng'ombe wachache. Aliwaingiza kwenye njia ile, kati ya mambo zetu, akaenda nao mpaka zizini kwa baba yake. Sisi tulibaki barabarani, mimi, Elisha, afisa na madereva wa buldoza na vikombe vyao. Alikaa kule muda. Tulimwona ameegemea fimbo, midomo inacheza. Kisha akarudi, ng'ombe mbele, taratibu.

Alipotufikia alivaa kofia yake.

"Amekubali," akasema.

Elisha hakuweza kujizuia. "Na kazi yetu, Mzee, ameionaje?"

Mzee Sayi aliigeukia njia, akaitazama kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Amesema ni nzuri. Ila msimu wa mvua ng'ombe hunenepa. Hapo katikati wanasuguana."

Afisa alimtazama Mzee, akawatazama ng'ombe, kisha akatutazama sisi. "Hatua moja," akasema. "Kila upande. Na mimi sijaona."

Elisha akaiweka kompyuta juu ya boneti ya gari, nikashika karatasi, nikaanza kumsomea namba.